Bingwa wa Kuanguka

Mume wangu Wilbard alipigana ndondi za kulipwa kwa miaka mingi na hakushinda pambano hata moja. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili tusije tukasumbuana huko mbele. Hakushinda Dar es Salaam, hakushinda Accra, hakushinda Warszawa wala Bangkok. Kuna pambano moja la Almaty ambalo mpinzani wake aliteguka kifundo cha mguu wakati anapanda ulingoni, na mimi niliposikia nikapiga magoti kumshukuru Mungu. Kumbe waliliahirisha tu. Kijana alipopona wakamrudisha Wilbard kulekule, akapigwa kama kawaida.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wasioijua biashara ya ndondi hudhani kila bondia hupanda ulingoni akiwa ameitwa kuja kushinda. Thubutu! Promota wa huko ng'ambo ana kijana wake anayemlea, anataka kijana aonekane anapanda ngazi, na ngazi zenyewe ni watu. Basi anapiga simu kwetu Manzese, anaagiza mtu mwenye pasipoti, uzito unaofaa na roho isiyo na kinyongo. Wilbard alikuwa navyo vyote. Tena naomba tuelewane: hakuwa akiuza mechi. Alipigana kweli, jasho likamtoka, ila Mungu alimnyima ngumi. Konde lake lilikuwa la mtu anayebisha hodi ukweni.

Alichopewa badala yake ni kuanguka. Nimemwona akianguka ukumbini, nimemwona akianguka kwenye televisheni, na nasema bila upendeleo wa ndoa kwamba hakuna bondia aliyeanguka vizuri kama yeye. Goti kwanza, halafu paja, halafu bega, na mkono mmoja umekwisha kutangulia nyuma ya kisogo kama mto. Kichwa chake hakikugusa turubai. Mwamuzi akihesabu, yeye anamsikiliza kwa adabu, kisha anainuka, anamkumbatia mshindi na kuulizia chakula. Ndiyo maana mpaka leo anajua jina lake, anavuka barabara mwenyewe, na hasahau siku yangu ya kuzaliwa isipokuwa kwa makusudi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho, nimeolewa na mshindani mkubwa kuliko wote Afrika.

Mimi nilichukia kila pambano. Kwa hiyo nilipokwisha kujishikiza hapa Guangzhou na kumwita aje, nilimpa sharti moja tu: hakuna mtu atakayekugusa kichwa tena. Akakubali upesi mpaka nikaona uchungu, maana nilijua alikuwa amechoka siku nyingi na hakuwa na wa kumwambia.

Hapa Xiaobei, mtaa wa Dengfeng, napika. Nina chumba cha chakula ghorofani, juu ya duka la simu. Kila mchana nasonga ugali wa kuwashibisha wafanyabiashara wa nusu ya bara, sufuria kubwa, mwiko mrefu kama kasia. Wilbard anabeba magunia ya unga, anagawa sahani, na kupiga soga. Tulikuwa tumetulia hivyo mpaka Frédéric alipoitazama pua ya mume wangu.

Frédéric ni Mkongomani wa Bukavu, dalali na mkalimani. Anavaa suti hata joto likiwa la kuyeyusha lami. Anajua Kifaransa, Kichina na Kiswahili, na hudanganya katika lugha zote kwa ufasaha uleule. Siku hiyo alikuwa anakula samaki, akainua macho, akaiona ile pua iliyolala upande, akauliza imepatwa na nini. Wilbard akajibu ukweli mtupu: alikuwa bondia wa kulipwa, amepigana Ulaya na Asia. Basi. Watu humuuliza bondia amepigana wapi na amepigana na nani, hawamuulizi ilikwendaje. Ilipofika jioni, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bingwa.

Mdomo uliniwasha. Lakini kila alipoitwa hivyo, Wilbard alinyoosha mgongo kidogo, kama mtu aliyevalishwa koti jipya, na mimi nikameza maneno yangu. Mtu aliyekaribishwa kila nchi ili apigwe, nani atamnyima jina zuri la bure?

Ubaya ni kwamba Frédéric hajui kuona kitu kizuri asikiuze. Msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou ulipofika, alipanda ngazi zangu mbio.

"Maman Bertila, iko affaire kubwa sana! Kuko laoban mumoja, Huang, anatengeneza kofia za boxe, zile za kulinda kichwa. Anatafuta champion wa kumupiga mbele ya clients."

"Kumpiga nani?"

"Yeye mwenyewe, Huang! Anavaa kofia, champion anapiga, yeye anabaki anacheka. Clients wanaona kofia iko solide, wanaagiza. Na sura ya Papa Wilbard wataitia ku kila boksi itakayoenda Afrika!"

Laoban ni bosi. Hapa kila mwenye kiwanda au meza ya simu ni laoban. Nilimgeukia mume wangu nimkataze, nikamkuta ameacha sahani hewani.

"Bertila," akasema taratibu, "maisha yangu yote, hii ndiyo mara ya kwanza naitwa ili nipige."

Sharti langu lilihusu kupigwa. Kuhusu kupiga sikuwa nimeweka kipengele, maana sikuona haja.

Tulishuka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Pazhou tukakuta kumbi ambazo ukizitembea zote utahitaji viatu vipya. Kibanda cha Huang kilikuwa katikati ya wauza mipira na wauza baiskeli za kupunguza tumbo. Mwenyewe ni mtu mfupi, mchangamfu, mwenye mashavu ya mtoto aliyenyonyeshwa vizuri. Nyuma yake kulikuwa na bango kubwa kupita mlango wa kanisa, na juu yake mume wangu, kifua wazi, kiunoni amevalishwa mkanda wa dhahabu ambao msanii wa kompyuta aliuokota anakojua yeye. Wilbard alisimama mbele ya bango lile muda mrefu. Akanyoosha kidole akaugusa mkanda, pale kwenye karatasi.

"Umenipendeza?" akaniuliza.

"Umependeza," nikasema, na ilikuwa kweli.

Wateja walijaa. Wengi walikuwa watu wetu, tena wengine walaji wangu: Kimani, Mkenya anayenunua vifaa vya michezo vya shule za Nakuru, na Henriette wa Lubumbashi, ambaye anauzia klabu za ndondi kule kwao kila kitu kuanzia bukta hadi kengele. Huang akavaa kofia, akafunga kamba kidevuni, akajipiga kifua. Frédéric akatangaza kwa lugha tatu kwamba ngumi inayokuja imelaza watu mabara manne. Wilbard akavuta pumzi, akazungusha bega, akapiga.

Ninamjua mume wangu. Hakuigiza. Alipiga kwa nguvu zake zote, na nadhani moyoni alitumaini kwamba baada ya miaka yote hiyo, labda siku yake imefika. Ngumi ikatua kwenye paji la Huang. Huang hakupepesa. Akacheka, akafungua mikono, akazunguka kama bwana harusi.

"Manze, hii kofia ni noma!" Kimani akapiga kelele. "Jamaa hata hajashtuka!"

"Frédéric, uandike miye!" Henriette akasema. "Nabeba conteneur muzima!"

Watu wakasukumana kuweka oda. Huang akamshika Wilbard mkono akauinua juu, na wapiga picha wakapiga. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wa mume wangu kuinuliwa mbele ya watu. Nilipiga vigelegele, sikujizuia, hata wauza baiskeli wakageuka.

Kisha Wilbard akaipokea ile kofia aifute jasho, na nikaona uso wake unabadilika. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena. Akanivuta pembeni, nyuma ya maboksi.

"Shika hapa," akaninong'oneza.

Nikashika. Kidole gumba changu kwa nje na kidole cha shahada kwa ndani vikakutana, vikasalimiana.

"Nimevaa kofia hizi mazoezini tangu ujana," akasema. "Kofia ya kweli ukiibana inakukatalia. Hii ni sponji ya godoro la gesti, Bertila. Mtoto wa shule akipigwa na mwenzake mwenye mkono, ni sawa na kuvaa kilemba."

"Lakini wewe umempiga Huang, na..."

Tulitazamana. Aliinamisha macho, na hapo nikauona mtego wote aliokuwa ameingia. Ili awaambie watu kofia haifai, lazima awaambie kwa nini Huang hakuanguka. Aseme mbele ya Dengfeng nzima kwamba si bingwa, na hakuwahi kuwa. Na lile bango lishuke, na yale maboksi yasichapwe sura yake. Akinyamaza, anabaki Bingwa, na kofia zinapanda meli kwenda kukaa kwenye vichwa vya watoto wa Nakuru na Lubumbashi. Nilimhurumia mpaka nikapandwa na hasira, maana huruma yangu mimi ndivyo inavyotoka.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza kwa ukali.

Alirudi mbele, akapanda kwenye kijukwaa kile kidogo, akainua mkono watu wanyamaze.

"Jamani," akasema, "msinunue hizi kofia. Huang hajaanguka, lakini si kwa sababu ni imara. Sababu ni mimi. Mimi sijawahi kushinda pambano hata moja. Sijamwangusha mtu tangu nizaliwe. Ngumi yangu haina kitu."

Nilishika mdomo. Najua ilivyomgharimu, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetoa posa.

Halafu Kimani akacheka. Henriette akacheka. Ukumbi mzima ukacheka.

"Champ, wacha hiyo humility bana!" Kimani akasema akijifuta machozi. "Wakubwa ndio huwa hivyo. Hawajisifu."

"Papa Wilbard anajua kuchekesha," Henriette akaunga mkono. "Na mukanda ile ku bango, uliokota?"

Huang akauliza kinasemwa nini. Mimi Kichina changu ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa bei, lakini kinatosha kusikia Frédéric akimtafsiria "hen hao, hen hao", yaani nzuri sana, nzuri sana, mahali ambapo mume wangu hakusema neno nzuri hata mara moja. Huang akainama kwa shukrani, akampigia Wilbard makofi.

Nikamvaa Kimani mwenyewe. "Wewe, bonyeza hiyo kofia!"

Akaibonyeza. "Eh, iko soft, Mama Bertila. Watoto watapenda, si ni comfort?"

Mtu akisema uongo kuhusu nafsi yake, watu watamchunguza mpaka ukoo wake. Akisema ukweli wa kujishusha, wanamwona mpole. Wilbard alisimama juu ya kile kijukwaa mikono imelegea. Nikadhani amekata tamaa, na sehemu fulani ya moyo wangu ikasema basi, amejaribu, turudi nyumbani na jina letu. Badala yake akaichukua ile kofia, akaivaa, akafunga kamba.

"Bertila," akaita. "Njoo unipige."

Watu wakashangilia. Mke wa bingwa!

"Sitaki," nikasema.

"Njoo."

"Wilbard, tuliahidiana. Nilikuambia hakuna mtu atakayekugusa kichwa tena. Mwite Kimani."

Akainama karibu yangu, ndani ya ile kofia macho yake yakionekana madogo. "Kimani atanionea haya, ataniparaza tu, na kofia itapita tena. Wewe unanionea haya lini? Na mkono mzito kuliko yote mtaani ni huo wako unaosonga ugali." Kisha akashusha sauti zaidi. "Usinibembeleze, mke wangu. Ukinibembeleza, nimeaibika bure."

Frédéric, ambaye haoni shida pale penye onyesho, alikwisha kunivalisha glavu ya Huang mkononi. Huang mwenyewe anachekelea. Henriette ananihimiza, "Maman, umutoe vumbi kidogo!" Nikamtazama mume wangu amesimama mbele yangu, mikono chini, hajikingi, kama alivyosimama mbele ya watoto wa watu huko duniani wakati mimi niko nyumbani nangoja simu. Nikakumbuka simu ya Warszawa, mdomo wake umevimba mpaka sikuelewa anachosema, na yeye anacheka ili nisilie. Nikakumbuka mapromota waliomwagiza kama mtu anavyoagiza kuku. Hasira ya miaka yote ikashuka kutoka begani kwenda kwenye kiwiko. Haikuwa hasira juu yake hata kidogo, lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Nikapiga.

Hapakuwa na goti, wala paja, wala bega. Wala ule mkono haukutangulia kisogoni. Wilbard alishuka mzimamzima, kama gunia la maharage lililokatikiwa kamba, na kisogo kikagonga sakafu.

Makofi! Yaani ukumbi ulilipuka kwa makofi. Miluzi, simu hewani, Huang anaruka. Walidhani ni mchezo. Ni mimi peke yangu katika jengo lile lote niliyejua jinsi mume wangu anavyoanguka akiwa kazini, na kwamba hivi sivyo.

"Acheni makofi!" nikapiga ukelele. "Acheni! Huyu ameanguka kweli!"

Nilikuwa nimekwisha kupiga magoti. Sijui sauti yangu ilikuwaje, lakini makofi yalikatika kama redio iliyochomolewa. Henriette akaja na chupa ya maji, hacheki tena. Kimani akaiokota ile kofia iliyokuwa imechomoka, akaibonyeza kwa mara ya pili, safari hii akiwa na akili. Kisha akaivaa yeye mwenyewe, akakunja ngumi, akajipiga kipajini. Machozi yakamtoka.

"Ghai!" akasema. "Frédéric, futa yangu. Futa yote."

"Na yangu!" Henriette akasema. "Batoto ya batu! Unataka batoto ya batu bakufe?"

Wateja wengine nao wakaanza kubonyeza zile kofia mezani, mmoja mmoja, na kuziweka chini. Frédéric akafungua mdomo, na zile lugha zake zote zikamkimbia kwa pamoja. Huang alitazama kofia, akanitazama mimi, akatazama glavu ambayo bado ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoinuka kidogo nimwambie maneno mawili matatu, alirudi nyuma ya meza mikono juu.

"Bu yao, bu yao," akasema. Sitaki, sitaki. Hilo ni neno ambalo kwa kawaida sisi wanunuzi ndio tunawaambia wao.

Wilbard akafungua macho. Akayatazama mataa ya darini kwanza, kisha akanitafuta. Nilikuwa nimekipakata kichwa chake mapajani. Nilimuuliza jina lake, akalisema. Nilimuuliza langu, akalisema, akaongeza na la mama yangu, ambalo sikuwa nimeliuliza.

"Nimeanguka vibaya?" akauliza.

"Vibaya sana. Aibu tupu."

"Wameona?"

"Wote wameona."

Nyuma yetu msaidizi wa Huang alikuwa amepanda kwenye kiti, anabandua bango. Lilishuka polepole, mkanda wa dhahabu ukajikunja, kisha kifua, kisha uso. Wilbard alilifuata kwa macho mpaka likaisha. Nilitaka kumziba asilione. Watu wa Dengfeng walikuwa wamesimama wanamtazama, na hakuna aliyemwita Bingwa.

"Zile oda?" akauliza.

"Wamefuta."

"Kimani?"

"Kimani wa kwanza. Na Henriette. Hakuna kofia inayokwenda popote."

Akafumba macho kidogo, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

"Basi, mke wangu," akasema, "tumeshinda."

Nimeishi na bondia miaka mingi, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nililia palepale sakafuni mbele ya wateja na wauza baiskeli, wala sikuuficha uso. Kisha nikamwambia anyamaze na asitikise kichwa mpaka niyaangalie macho yake vizuri.